Jinsi ya kukinga vichwa vya betri katika gari la kale

WATU wengi wanaomiliki magari ya kale humu nchini hujua vyema kung'arisha bodi, kutafuta taa za asili na kushonesha viti upya. Ni wachache mno ambao huinua kiti cha nyuma au kufungua buti ili wakague vichwa vya betri. Ilhali hapo ndipo penye hatari inayoweza kuliteketeza gari zima kwa muda mfupi, pamoja na waliomo ndani.

Vichwa vya betri ni zile nguzo mbili fupi za risasi zinazochomoza juu ya betri, moja ya chanya na nyingine ya hasi. Katika magari ya kisasa, kichwa cha chanya aghalabu hufunikwa kwa kofia ya plastiki tangu kiwandani. Katika magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1980, vichwa vyote viwili huwa wazi. Pale ambapo mwenye kiwanda aliweka kifuniko, mara nyingi kifuniko hicho kilipotea miaka mingi iliyopita na hakuna aliyekumbuka kuweka kingine.

Makala haya yanaeleza chanzo cha hatari hiyo, jinsi ya kusafisha na kukinga vichwa vya betri, na makosa ambayo mwenye gari anapaswa kuyaepuka.

VOLTI CHACHE, NGUVU NYINGI

Betri ya risasi na tindikali ni uvumbuzi wa mwanasayansi Mfaransa, Gaston Planté, aliyeiunda mwaka 1859. Iliingia kwa kishindo katika magari baada ya mwaka 1912, wakati kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme, na madereva wakaachana na kazi ngumu ya kuzungusha injini kwa mkono. Umbo lake limebadilika, lakini kanuni ni ile ile. Kila chumba cha betri hutoa takriban volti 2. Betri ya volti 6 ina vyumba 3 na ile ya volti 12 ina vyumba 6.

Volti hizo ni chache. Mtu mwenye mikono mikavu anaweza kugusa vichwa vyote viwili asihisi lolote, na hii ndiyo sababu watu huidharau betri. Umeme wa nyumbani wa volti 240 humrusha mtu, naye hujifunza kuuogopa. Betri ya gari haimrushi mtu, hivyo hufikiriwa kuwa haina madhara.

Hatari ya betri haimo katika volti bali katika wingi wa umeme inaoweza kuusukuma kwa mkupuo. Ili kuizungusha injini iliyopoa, betri hutoa ampea 100, 200 au zaidi. Kipande cha chuma kikiangukia vichwa viwili na kuviunganisha, betri husukuma mamia ya ampea kupitia chuma hicho bila kizuizi. Ampea 300 kwa volti 10 ni sawa na wati 3,000, yaani joto la pasi tatu za umeme za wati 1,000 kila moja, likiwa limekusanyika katika spana moja au waya mmoja wa kiti. Chuma hicho huwa chekundu kwa sekunde chache. Pete ya kidoleni au mkanda wa saa ya chuma unaweza kumuunguza fundi hadi mfupani.

Isitoshe, betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo hulipuka ikiwa imechanganyika na hewa ya kawaida kwa kiwango cha kuanzia asilimia 4. Cheche moja katika vichwa vya betri yatosha kuipasua betri na kurusha tindikali usoni mwa aliyeinama juu yake.

MAFUNZO KUTOKA KWA BEETLE

Hakuna gari linaloonyesha hatari hii waziwazi kuliko Volkswagen Beetle. Gari hilo lenye mgongo wa kobe lilijipatia sifa kubwa Afrika Mashariki. Baada ya mashindano ya Safari Rally kuanza mwaka 1953, Beetle iliibuka mshindi mwaka 1954, 1957 na 1962. Zaidi ya Beetle milioni 21 ziliundwa duniani kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, mnamo Julai 2003. Hadi leo ni miongoni mwa magari ya kale yanayopendwa zaidi, na rahisi zaidi kwa kijana anayeanza kukusanya magari ya aina hiyo.

Injini ya Beetle iko nyuma, na betri yake imewekwa ndani ya gari, chini ya kiti cha abiria wa nyuma, upande wa kulia. Kiti hicho kina springi za chuma. Juu ya springi kuna nyuzi kavu mfano wa makumbi ya nazi, kisha kitambaa au ngozi bandia. Mtu mzito anapoketi, springi hubonyea na kushuka kuelekea vichwa vya betri. Kiwandani, betri iliwekewa kifuniko cha kuzuia springi zisiguse vichwa hivyo. Kifuniko kikikosekana, springi huviunganisha vichwa, au huunganisha kichwa cha chanya na bodi. Springi huwa nyekundu, zile nyuzi kavu hushika moto, na moto huo huanzia chini ya mapaja ya abiria.

Mambo mawili huzidisha hatari hiyo. Kwanza, waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwa stata hauna fyuzi. Fyuzi zilizo mbele ya dereva hulinda taa, honi na vifaa vingine, wala hazihusiki kabisa na shoti iliyotokea kwenye vichwa vyenyewe. Kuzima gari kwa ufunguo hakusaidii kitu, kwa kuwa umeme haupiti kwenye ufunguo. Pili, Beetle ina milango miwili pekee. Walioketi nyuma, ambao mara nyingi ni watoto, hawawezi kutoka hadi aliye mbele ashuke na kukikunja kiti chake.

Kwa hivyo, mtu anayenunua Beetle ya zamani anapaswa kuinua kiti cha nyuma kabla ya kuuliza habari za injini. Akikosa kuona kifuniko juu ya betri, asikubali mtu yeyote aketi hapo hadi kiwekwe.

MAGARI MENGINE

Beetle si gari pekee lenye tatizo hili. Katika Mini asilia ya Uingereza, betri imo ndani ya buti, ndani ya shimo lililo kwenye sakafu. Lile bao la kufunika sakafu likikosekana, jeki au spana iliyotupwa humo inaweza kuangukia vichwa gari linapokata kona. MGB za awali zilikuwa na betri mbili za volti 6 chini ya sakafu nyuma ya viti, mahali pagumu kufikika na ambapo husahaulika kwa urahisi. Land Rover Defender ina betri chini ya kiti cha mbele.

Magari ambayo betri yake iko chini ya boneti, mathalani Peugeot 404 na 504 zilizotamba katika Safari Rally miaka ya 1960 na 1970, yana nafuu kwa kuwa abiria hawaketi juu ya betri. Hata hivyo, nayo hukabiliwa na hatari ya spana iliyosahauliwa, fimbo ya kushikilia boneti, boneti iliyopinda baada ya ajali, na betri iliyolegea ikaruka hadi vichwa vyake vikagusa chuma.

UNGA MWEUPE NA KIJANI

Adui wa pili wa vichwa vilivyo wazi ni kutu ya tindikali. Mvuke wa tindikali ya salfa hupenya pembeni mwa nguzo za risasi au kwenye vifuniko vya vyumba na kutua juu ya chuma. Risasi hugeuka unga mweupe. Shaba iliyo ndani ya waya hugeuka unga wa kijani au samawati. Unga ukiwa mwingi mno, huenda betri inachajiwa kupita kiasi, imejazwa maji kupindukia, au imeingia ufa.

Unga huo haupitishi umeme vizuri. Tuseme umeongeza ukinzani wa omu 0.01 tu kati ya kichwa na kibano cha waya. Stata inapovuta ampea 200, volti 2 nzima hupotea hapo, na wati 400 za joto huzaliwa papo hapo. Katika gari la volti 12, stata itajikokota. Katika gari la volti 6, kama Beetle nyingi za hadi katikati ya miaka ya 1960, injini haitazunguka kamwe. Wenye magari wengi wamenunua betri mpya, kisha stata mpya, ilhali tatizo lilikuwa unga wa kufutwa kwa brashi.

Ipo njia rahisi ya kupima. Mtu mmoja awashe stata, na mwingine aweke ncha moja ya mita ya volti juu ya nguzo ya risasi na ncha ya pili juu ya kibano kilichoishika nguzo hiyo. Mita ikionyesha zaidi ya takriban volti 0.2, mshikano huo ni mchafu au umelegea. Asiye na mita anaweza kugusa vibano kwa uangalifu baada ya kuwasha stata mara kadhaa: kilicho moto ndicho kibovu.

UTARATIBU WA KUFUNGUA NYAYA

Kazi yoyote juu ya betri huanza kwa kuvua pete, saa, bangili na mkufu. Vaa miwani ya kujikinga na glavu za mpira. Usivute sigara wala usiruhusu moto karibu. Fungua milango au boneti kwa muda ili hewa iliyokusanyika itoke.

Kisha tambua waya uliofungwa kwenye bodi ya gari, ambao mafundi huuita ethi. Huo ndio unaofunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Sababu yake ni hii: ukianza kufungua waya usio wa ethi, spana yako ikigusa bodi, shoti hutokea mara moja, kwani bodi nzima imeungana na kichwa cha pili. Ukishaondoa ethi, bodi haina tena uhusiano na betri, na spana inaweza kugusa bodi bila madhara.

Katika magari mengi, ethi ni upande wa hasi. Lakini magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, zikiwemo MGB za kabla ya mwaka 1967, yaliundwa yakiwa na ethi upande wa chanya. Mwenye gari asitegemee rangi ya waya, kwa kuwa mafundi wa miongo kadhaa huenda walitumia waya wowote waliopata. Afuate waya kwa macho hadi aone umefungwa wapi. Pia aangalie alama ya kujumlisha na ya kutoa zilizochongwa juu ya betri, na akumbuke kwamba kwa kawaida nguzo ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi. Kukosea hapa kunaweza kuharibu redio na, katika gari lililowekewa alteneta, kuiunguza alteneta yenyewe.

Kibano kikikwama, usikipige nyundo wala kukichokonoa kwa bisibisi. Nguzo za risasi ni laini, na mzizi wake ukilegea, tindikali itavuja daima. Legeza nati, mwagia maji ya uvuguvugu yenye bikaboneti ya soda, subiri, kisha kizungushe polepole kwa mkono.

KUSAFISHA

Dawa ya unga wa tindikali ni bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki unaouzwa madukani kwa bei ndogo. Changanya kijiko kikubwa kimoja katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Hakikisha vifuniko vya vyumba vya betri vimekazwa, kwani maji hayo yakiingia ndani yataiua tindikali inayofanya kazi. Pakaza kwa mswaki wa zamani. Mchanganyiko utatoa povu. Povu likikoma, tindikali imekwisha makali. Suuza kwa maji safi kidogo kidogo na ukaushe kwa kitambaa.

Halafu sugua nguzo na sehemu ya ndani ya kibano kwa brashi ya waya au msasa laini hadi risasi ing'ae. Usisugue kupita kiasi, maana nguzo ikipungua unene kibano hakitaishika. Chunguza pia mahali waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi. Mara nyingi kichwa cha betri hung'arishwa huku upande wa pili wa waya umekaa juu ya rangi na kutu.

Waya ambao nyuzi zake zimeliwa na kugeuka kijani hadi ndani ya mpira haufai kutibiwa. Ununuliwe mwingine wa unene ule ule au zaidi. Gari la volti 6 huhitaji waya mnene kuliko la volti 12, kwa sababu kazi ile ile hudai ampea maradufu.

KUPAKA NA KUFUNIKA

Rudisha kibano juu ya nguzo ikiwa kavu, kikae hadi chini, kisha ukaze kiasi cha kutoweza kuzungushwa kwa mkono. Baada ya kukaza ndipo upake vaselini au grisi nyembamba juu ya nguzo, kibano, nati na sehemu ya waya iliyo wazi. Vaselini haipitishi umeme. Kazi yake ni kuzuia hewa, maji na mvuke wa tindikali. Aidha, unaweza kuweka chini ya kibano kiduara cha kitambaa kizito kilicholoweshwa mafuta, ambacho huunyonya mvuke unaopanda pembeni mwa nguzo.

Hatua hiyo hukinga kutu lakini haikingi shoti. Kwa shoti, kunahitajika kizuizi kigumu. Kofia za mpira za kufunika vichwa huuzwa katika maduka ya vipuri. Chagua zinazofunika kibano chote pamoja na nati yake. Ukiweza kupata mbili, funika vyote viwili. Ukipata moja pekee, ifunike ile isiyo ya ethi. Katika gari lenye ethi ya hasi, hiyo ni chanya. Katika gari lenye ethi ya chanya, hiyo ni hasi.

Katika gari ambalo betri iko chini ya kiti, kofia za mpira pekee hazitoshi. Springi iliyokatika ina ncha kali inayoweza kutoboa mpira. Weka juu ya betri bao la plastiki ngumu au mbao nyembamba iliyopakwa rangi, lililokatwa kuenea betri yote, na ulifunge kwa mkanda usio wa chuma ili lisiteleze. Usitumie bati kamwe, hata kama limezungushiwa mpira. Kisha shonea chini ya springi za kiti kipande cha turubai nene au mkeka wa mpira. Kwa njia hiyo, kinga moja ikishindwa, nyingine ingalipo.

Usizibe kabisa. Betri ya kawaida ni lazima ipumue, na sanduku lisilo na tundu hukusanya haidrojeni. Acha nafasi pembeni. Betri iliyozibwa, ambayo tindikali yake imenyonywa ndani ya nyuzi za kioo, haimwagiki na hutoa hewa kidogo mno, hivyo inafaa zaidi kuwekwa ndani ya gari. Lakini haivumilii kuchajiwa kupita kiasi, na dainamo za zamani zenye kidhibiti kilichochoka huweza kuiharibu. Kagua kwanza: katika gari la volti 12, chaji inapaswa kuwa takriban volti 14 injini ikivuma, isizidi sana 14.5.

UREFU NA MSHIKO

Kosa kubwa hufanyika siku ya kununua betri mpya. Muuzaji hutazama volti na ampea. Mwenye gari hutazama bei. Hakuna anayepima urefu. Betri iliyo ndefu kwa sentimita 2 kuliko ile ya asili huviinua vichwa hadi karibu na springi au boneti. Pima kwa rula kabla ya kwenda dukani. Nyumbani, paka chaki juu ya kifuniko cha betri, rudisha kiti, mwambie mtu mzima aketi na kunesanesa. Kiti kikiinuliwa na chaki ionekane kwenye springi, nafasi haitoshi.

Betri ifungwe imara kwenye kitako chake kwa kishikio. Barabara zetu za kokoto hazina huruma kwa betri iliyowekewa jiwe au kipande cha mbao ili isisogee. Ikitikisika, vyumba vya ndani hubomoka, tindikali humwagika na kuila sakafu, na vichwa hutafuta chuma cha kugusa. Wakati uo huo kagua sakafu yenyewe: kitako cha betri ni mojawapo ya sehemu ambazo huoza mapema zaidi katika Beetle.

Kinga nyingine ya thamani ni swichi ya kukata umeme wa betri, ambayo huwekwa kwenye waya wa ethi. Magari ya mashindano hulazimika kuwa nayo. Kwa gari la kale linalokaa wiki nzima bila kuendeshwa, swichi hiyo huzuia moto na vilevile huilinda betri isiishe. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6, ikishuka hadi 12.0 imekaribia kuisha, na ikiachwa hivyo kwa majuma mengi haitarejea hali yake.

MAKOSA YA KAWAIDA

Baadhi ya mazoea yanayoonekana kuwa ya busara huleta hasara. Kuchomeka msumari au kipande cha bati kati ya nguzo na kibano kilicholegea hupunguza eneo la mguso na kuzua cheche. Dawa ni kununua kibano kinachotoshana na nguzo, kwa kuwa baadhi ya betri za muundo wa Kijapani zina nguzo nyembamba.

Kumwagia soda nyeusi ya chupa huondoa unga kwa kiasi fulani, lakini soda hiyo yenyewe ina tindikali na huacha sukari inayovutia uchafu na sisimizi. Kumwagia maji yanayochemka huondoa unga bila kuua tindikali, ambayo hutiririka na kuanza kuila bodi. Kuongeza tindikali katika betri iliyopungua maji ni kosa pia. Kinachopotea ni maji, nacho hurudishwa kwa maji ya betri yaliyokenekwa, si ya mfereji.

Na anayeazima chaji ya gari jingine aunganishe waya wa mwisho kwenye chuma kitupu cha bodi au injini, mbali na betri, ili cheche isitokee penye haidrojeni. Gari la volti 6 lisiunganishwe na la volti 12.

MKASA UKITOKEA

Ukinusa mpira unaoungua au kuona moshi chini ya kiti, simamisha gari na uwatoe watu kwanza, wa nyuma hasa. Kama moto haujawaka, inua kiti ili kiachane na betri. Hapo umeme wa shoti hukatika. Weka mtungi wa unga wa kuzimia moto mahali dereva anapoufikia, si ndani ya buti chini ya mizigo.

Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha uende hospitalini. Usitie bikaboneti jichoni. Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi.

Betri iliyokufa isitupwe wala kuvunjwa nyumbani ili kutoa risasi. Wakenya wanajua gharama ya jambo hilo. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni kwa madhara ya sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha mnamo Desemba 2024 baada ya kubatilishwa katika rufaa. Irudishe betri nzima kwa muuzaji anayepokea betri chakavu.

Kwa jumla, kazi hii yote huchukua saa moja, na vifaa vyake havigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya kushonesha kiti kimoja. Kagua vichwa kila baada ya miezi mitatu, kila betri inapobadilishwa, na kila gari linaporudi kutoka kwa fundi, kwa sababu kifuniko huondolewa na mtu mmoja na hutarajiwa kurudishwa na mwingine. Lile gari ambalo limedumu tangu enzi za wazazi wetu limeepuka ajali, kutu na vyuma chakavu kwa zaidi ya nusu karne. Itakuwa hasara kubwa likipotea kwa kukosa kipande cha mpira, na hasara isiyosemeka iwapo mtoto alikuwa ameketi juu yake.